Itifaki ya Blogu ya Darasa la Sita

Nchi ya Usifuni haimo kwenye ramani yoyote, na mtu akisema anaijua basi amejitaja mwenyewe, mimi simo. Ni nchi nzuri sana. Ina mlima, ina bendera, na ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kiasi kwamba mechi za mpira huanza wachezaji wakiwa wamekwisha choka. Wananchi wake wana furaha kwa mujibu wa sheria, na asiye na furaha hupewa muda wa kujirekebisha.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwalimu mmoja, Restituta Ngonyoka, akifundisha darasa la sita katika Shule ya Msingi Shukurani. Mwanamke mwembamba, sauti yake ikitoka darasani unaisikia barabarani. Alikuwa na ugonjwa mmoja ambao serikali ilikuwa bado haijaugundua: alipenda kufundisha. Wenzake walimhurumia, wakamwambia utapona tu, ngoja mshahara uchelewe tena kidogo. Wapi. Hakupona.

Sasa, Waziri wa Elimu na Heshima, Dokta Pondamali, alikuwa amesafiri ng'ambo kwenye mkutano. Akala vizuri, akalala vizuri, na siku ya mwisho, katikati ya usingizi na makofi, akasikia kwamba huko kwa watu watoto wanaandika blogu darasani. Alishuka kwenye ndege na hotuba tayari mdomoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo kila darasa la Usifuni litakuwa na blogu. Mwanafunzi ataandika, mwalimu ataandika, dunia itasoma. Asiye na blogu ni adui wa maendeleo. Mwenye blogu isiyo na adabu ni adui zaidi."

Mwandishi mmoja wa habari aliuliza, kwa nia njema kabisa, blogu ni nini. Siku hizi mwandishi yule anauza mkaa, na nasikia biashara si mbaya.

Basi kila darasa likapewa kishikwambi kimoja, na kila mwalimu akapewa semina ya asubuhi moja, ambayo sehemu kubwa ilikuwa chai. Walimu walinung'unika mpaka basi. Restituta, yeye, alirudi darasani anacheka peke yake.

"Wanangu," aliwaambia, "blogu ni ubao. Lakini ni ubao ambao hata mtu aliye mbali, humjui hakujui, anaweza kuusoma. Ukiandika mbuzi wenu kazaa, mtu yule anajua mbuzi wenu kazaa. Anaweza hata kukujibu, akakuuliza kazaa wangapi."

Darasa likacheka. Msichana mmoja, jina lake Sikudhani, akanyoosha mkono. Huyu alikuwa mtoto wa mama mmoja muuza vitumbua pale karibu na geti la shule, na ugonjwa wake wa kuuliza maswali haukuwa na dawa.

"Na nikiandika ukuta wetu, Mwalimu?"

Hapo darasa likanyamaza, kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa unasikiliza. Ukuta wa nyuma wa darasa la sita ulikuwa na ufa toka chini hadi juu, mtoto anapitisha mkono mzima akamsalimia mwenzake aliye nje. Lori likipita barabarani, udongo unawamwagikia watoto wa dawati la mwisho. Mwalimu Mkuu, Mzee Lukindo, alikuwa ameshughulikia jambo hilo kwa hekima kubwa. Alitundika juu ya ule ufa picha ya Mtukufu Kiongozi, ile kubwa ya fremu ya chuma. Tangu hapo aliyeonyesha ufa kwa kidole alikuwa anamnyooshea kidole Mtukufu, na hakuna aliyekuwa na kidole cha kuchezea.

"Andika," alisema Restituta. "Andika ukuta wetu. Dunia ikisoma, watakuja kuujenga."

Aliamini, jamani. Mimi nasema nilivyoambiwa: aliamini kabisa.

*

Blogu hazijaanza hata kupendeza, waraka wa pili ukaingia. Wizara ilikuwa imekaa ikafikiri. Kama dunia nzima inasoma, basi na viongozi wanaweza kuwa wanasoma. Na kama viongozi wanasoma, mtoto anayeandika amesimama mbele ya viongozi. Na ni nani, katika Usifuni iliyostaarabika, anayefungua mdomo mbele ya viongozi bila itifaki?

Kuna nchi ambako msemaji hujitoa kwa kusema itifaki imezingatiwa, basi, mambo yanaendelea. Usifuni walikwisha kulipiga marufuku neno hilo zamani, baada ya katibu mmoja wa tarafa kulia hadharani kwamba alizingatiwa bila kutajwa. Huko unamtaja kila mtu, kwa cheo chake, kwa mpangilio wake, kuanzia juu kushuka. Ukikosea mpangilio, unaanza upya.

Kwa hiyo mtoto mmoja wa darasa la sita, anaitwa Mbwilo, alipotaka kuiambia dunia habari za paka wao, alipandisha kwenye blogu andiko hili:

"Mtukufu Kiongozi wetu wa Leo na Kesho, Mheshimiwa Mke wa Mtukufu, Mheshimiwa Mama Mkwe wa Mtukufu, Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Heshima, Dokta Pondamali, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Makofi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa na familia yake, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya na dereva wake, viongozi wa dini zote zilizosajiliwa, viongozi wa dini ambazo maombi yao yanashughulikiwa, wageni waalikwa na wageni waliojialika, mabibi na mabwana. Paka wetu ana mimba."

Na hapo nimekukatia, ndugu yangu. Andiko lenyewe ulikuwa unalisukuma kwa kidole mpaka kidole kinapata joto.

Mkaguzi akaja kukagua blogu. Alishika kishikwambi kwa mikono miwili, akasoma midomo ikichezacheza, akashuka, akashuka, mpaka akafika kwenye cheo chake mwenyewe. Hapo akatabasamu, akakizima.

"Safi sana. Blogu hii imekomaa. Chai ipo?"

Hakufika kwa paka. Restituta aliliona hilo. Akaangalia wakaguzi wengine, akaangalia Mratibu Elimu, akaangalia hata wale waliokuja na Waziri. Wote walikuwa wanashuka mpaka kwenye jina lao, wanatabasamu, wanazima. Mwenye cheo kikubwa alisoma mstari mmoja. Usiku alilala, asubuhi akaingia darasani macho yanamng'aa.

"Wanangu, sikilizeni. Itifaki ni ya wakubwa. Chini ya itifaki ni kwenu. Iandikeni vizuri, isikosee hata herufi. Mkishamaliza mabibi na mabwana, semeni mnalotaka."

Ee, watoto wakasema! Mbwilo aliandika kwamba mahindi ya chakula cha mchana huingia shuleni kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mwingine aliandika kwamba choo cha wasichana hakina mlango, na kwamba ule mlango upo kwa Mwalimu Mkuu, ni meza. Na Sikudhani aliandika ukuta. Alieleza ufa ulivyo chini, unavyopanuka katikati, unavyojificha nyuma ya Mtukufu na kutokea juu ya kofia yake. Alieleza sauti yake lori likipita, na namna wenzake wa dawati la nyuma walivyozoea kuinama bila kuambiwa.

Yote hayo yalikaa hadharani, kwenye blogu ya serikali, mtu yeyote ayasome. Na Wizara ikaipa Shule ya Shukurani tuzo ya Blogu ya Adabu. Mwenyekiti wa Kamati ya Makofi alikuja mwenyewe kupiga yale makofi. Jina la Restituta likapelekwa kwenye orodha ya wanaosubiri kupandishwa daraja, orodha ambayo kwa kawaida watu huingia wakiwa vijana na kutoka wakiwa marehemu, na yeye akawekwa juu kabisa. Alifurahi. Nani asingefurahi? Alianza kuvaa viatu vya kisigino siku za kazi.

Ukuta nao uliendelea na mambo yake.

"Mwalimu," Sikudhani aliuliza siku moja, wakiwa wawili tu wanapandisha maandiko, "dunia imesoma?"

"Imesoma, mwanangu."

"Mbona haiji?"

"Itakuja."

Mtoto akafikiri, huku anafuta kioo cha kishikwambi kwa pindo la sketi. "Labda inachoka na majina. Tukianza na ukuta kwanza, halafu majina yawe chini, si watauona haraka?"

Restituta aliangalia mlangoni kwanza. Wazo lilikuwa sahihi. Yeye mwenyewe alikwisha liwaza, akalifukuza.

"Unataka nifungwe?" alisema, na sauti ile ya kufika barabarani ikatoka kwa kunong'ona. "Hilo usilirudie. Hata kwa mama yako usiliseme. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwalimu. Nisamehe."

Aliogopa, basi, hakuna la zaidi. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa, na katika Usifuni watu wa aina hiyo ndio wanaoendesha kila kitu.

Na kwa kuwa wakubwa walikuwa wanakuja mara kwa mara kuonyeshwa blogu ya tuzo, alianza kuwafundisha watoto jambo jingine: kusimama itifaki. Mgeni akiwepo, itifaki ikisomwa, mtoto anasimama wima, mikono pembeni, macho mbele, midomo imefungwa. Hakohoi, hajikuni, hageuki. "Kabla sijasema mabibi na mabwana, hakuna mtu kusogea," aliwaambia. "Hata nyoka akiingia. Hata mimi nikikwita kwa jina, usije. Nawajaribu." Na kweli aliwajaribu. Alikuwa akikatisha katikati, anaita, "Mbwilo, njoo!" Mbwilo akisogea, anachapwa. Baada ya muda hakuna aliyesogea. Wageni walikuwa wanawazunguka watoto wale, wanawapungia mikono usoni, wanashangaa.

Sikudhani pekee ndiye aliyekuwa anaponyokwa mara kwa mara. Alichapwa sana, maskini.

*

Siku ya Ijumaa, Mtukufu aliteua viongozi wapya, kama alivyozoea kila apatapo mafua. Miongoni mwao alikuwemo Mheshimiwa Chambuso Tegemeo, Naibu Mratibu wa Majengo na Mapambo wa Wilaya. Cheo chenyewe hakikuwepo Alhamisi.

Mheshimiwa Tegemeo hakupoteza muda. Jumamosi na Jumapili alijifungia na kishikwambi, akafungua kila blogu ya kila darasa la wilaya, anatafuta jina lake. Alipofika kwenye blogu ya tuzo alianza na Mtukufu, akashuka. Hayupo. Akapita Mkuu wa Wilaya. Hayupo. Akapita dereva wa Mkuu wa Wilaya, na hapo iliuma kweli. Akapita viongozi wa dini, akapita wageni waliojialika, akafika kwenye mabibi na mabwana na bado hajajikuta. Mtu mwingine angeacha. Yeye akasema moyoni, labda wameniweka chini, kwa heshima ya pekee. Akaendelea kushuka.

Ndivyo ilivyotokea kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia ya Usifuni, kiongozi alisoma andiko la mtoto mpaka mwisho.

Jumatatu alipiga simu shuleni. Mzee Lukindo aliipokea akiwa amesimama, akamkabidhi Restituta haraka kana kwamba inaunguza.

"Wewe ndiye wa ile blogu? Nimeisoma yote," alisema Mheshimiwa.

"Yote, Mheshimiwa?"

"Yote. Mpaka chini kabisa. Ukuta, sijui ufa, kila kitu. Sasa nakuja."

Restituta alikaa chini. Alitaka kulia. Mtu wa majengo! Katika vyeo vyote vilivyozaliwa Ijumaa ile, aliyesoma ni mtu wa majengo! Alitoka ofisini mbiombio, na kisigino kimoja kikabaki kwenye ngazi.

"Sikudhani! Wamesoma, mwanangu! Wanakuja!"

Mtoto aliruka juu, akakimbia mpaka getini kumwambia mama yake, na siku ile wanafunzi wa darasa la sita walikula vitumbua vya bure.

Walikuja kweli. Ila barua iliyotangulia ilieleza wanakuja kufanya nini. Ilisema: Sherehe ya Kumwingiza Itifakini Mheshimiwa Chambuso Tegemeo, itakayofanyika ndani ya darasa lile lile lililomsahau, mbele ya wanafunzi wale wale, kwa kusomewa itifaki nzima yenye jina lake ndani, moja kwa moja kwenye vipaza sauti, kata yote isikie.

"Na ukuta?" Restituta alimwuliza Mwalimu Mkuu.

"Barua haijataja ukuta," alisema Mzee Lukindo. "Labda baada ya chakula."

*

Usifuni mgeni rasmi hukaa chini ya picha ya Mtukufu. Ni desturi yao, haivunjwi hata kwenye misiba. Restituta aliwaza usiku na mchana namna ya kuwaambia wakubwa kwamba chini ya picha pana hatari, asijue aanzie wapi. Siku ya sherehe akashangaa. Wapambe wa Mheshimiwa walishusha viti vya mahameli, wakavibeba moja kwa moja mpaka upande wa mlango, mbali kabisa na picha.

"Desturi si kule nyuma?" aliuliza.

"Mheshimiwa anapenda hewa," alijibu mpambe. "Kule nyuma watasimama watoto. Wapange vizuri, wabanane, picha ya gazeti iwapate wote."

Akawapanga. Mikono ilikuwa inampanga mtoto mmoja mmoja chini ya ile fremu ya chuma, na akili ikawa bado inakataa kuelewa. Kisha Mheshimiwa Tegemeo akaingia, mtu mnene mwenye uso wa ukarimu, akamshika mkono.

"Mwalimu, watoto wako wanaandika vizuri sana," alisema. "Wanaeleza mpaka mtu unaona."

Akakaa kwenye kiti chake cha mlangoni, akapima kwa macho umbali mpaka ukutani, akasogeza kiti nyuma kidogo.

Hapo Restituta alielewa. Angeweza kusema wakati ule. Watu walikuwa bado wanakaa, maji yanagawiwa, angeweza kusema jamani tutokeni tukafanyie uwanjani, kuna upepo mzuri. Maneno mepesi tu. Alimwangalia Mheshimiwa, akaiwaza ile orodha na jina lake lililo juu, akashika kipaza sauti, akaanza.

"Mtukufu Kiongozi wetu wa Leo na Kesho..."

Nje, gari la matangazo lilikuwa na spika zenye ukubwa wa makabati, na kila cheo alichosema kiliitikia kwenye kifua chake mwenyewe. Alipofika kwa Mama Mkwe, udongo ulianza kudondoka. Ulidondoka kwenye nywele za watoto, ukadondoka mabegani. Hakuna aliyekung'uta. Mwandishi wa gazeti alipiga picha, akamnong'oneza jirani yake, tazama nidhamu hiyo.

Alipofika kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Makofi, watu walipiga makofi, kama sheria inavyotaka, na picha ikateleza upande. Sikudhani, mwishoni mwa mstari, alikuwa anamwangalia. Macho mbele, mikono pembeni, anamwangalia yeye tu. Restituta alimtaja Mkuu wa Mkoa na familia yake. Akamtaja Mkuu wa Wilaya. Alikuwa amebakiza cheo kimoja afike kwa Mheshimiwa Tegemeo, na alijiambia, nimalize hili moja. Moja tu.

Ukuta ukatoa sauti.

"Tokeni!" Restituta alipiga kelele, kipaza sauti mdomoni, na kata nzima ikasikia. "Tokeni nje! Kimbieni!"

Watoto hawakusogea. Walisimama wima, macho mbele, midomo imefungwa. Mwalimu alikuwa hajasema mabibi na mabwana. Alikuwa anawajaribu.

Mmoja tu alikimbia. Sikudhani aliponyoka kwenye mstari, kama kawaida yake, akapita katikati ya viti vya mahameli, akamkanyaga Mheshimiwa kiatu. Nyuma yake ukuta ukashuka wote, pamoja na Mtukufu.

Vumbi lilipotulia kidogo, kabla mama wa kwanza hajafika kutoka getini, sauti iliyosikika ilikuwa ya Mheshimiwa Tegemeo, yenye masikitiko ya kweli.

"Jina langu," alisema, "lilikuwa bado."

*

Serikali ilishughulikia msiba ule kwa kasi ya kusifiwa. Wataalamu walithibitisha kwamba sherehe huanza itifaki inapokamilika. Itifaki haikukamilika, kwa hiyo sherehe haikuanza, kwa hiyo hakuna ajali iliyotokea kwenye sherehe. Dokta Pondamali alihutubia taifa huku akijipangusa macho.

"Nionyesheni nchi nyingine," alisema, "ambayo watoto wanaangukiwa na ukuta wakiwa wima, mikono pembeni! Hao ni Mashujaa wa Itifaki. Hawakusogea! Na mwalimu aliyewalea hivyo atavishwa nishani."

Mama zao walipewa bendera, moja moja, na maelekezo ya namna ya kuikunja.

Mambo yangeishia hapo, kila mtu na bendera yake. Lakini Sikudhani, mkono uliovunjwa na tofali lililomfuata nyuma umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni, aliingia kwenye blogu ya darasa la sita akaandika. Hakuweka jina la kiongozi hata mmoja. Aliandika hivi:

"Wenzangu wamekufa. Mwalimu Restituta alituambia tokeni, kimbieni. Mimi nilimsikia nikatoka. Wenzangu walidhani anatujaribu. Namshukuru Mwalimu wangu, ameniokoa."

Basi. Na kwa vile hapakuwa na itifaki, watu walisoma. Dunia ile aliyokuwa anaisubiri ikaja yote siku moja. Chini ya andiko watu wakajaza maoni, wakalia, wakauliza, huyu mwalimu shujaa ni nani.

Usifuni nao wakauliza, kwa sababu zao. Mwalimu aliyepiga kelele katikati ya itifaki amekatisha itifaki, tena jina la Mtukufu likiwa bado hewani. Hilo ni kosa la jela. Ikaundwa tume, mwenyekiti wake Mheshimiwa Tegemeo, kwa kuwa alikuwepo.

Asubuhi ya kikao, Mzee Lukindo alimfuata Restituta nyumbani.

"Mwalimu, mimi nakwambia kama kaka yako. Ukisema ulipiga kelele, unakwenda jela. Ukisema hukupiga, unakwenda Ikulu. Mtoto ni mtoto tu. Atafukuzwa shule, atakaanga vitumbua na mama yake, ataolewa, maisha yataendelea."

"Kata nzima ilinisikia, Mzee."

"Kata nzima nimekwisha ongea nayo. Walisikia kipaza sauti kinakoroma."

Kikao kilikuwa kifupi, baada ya itifaki. Mheshimiwa Tegemeo alimwangalia Restituta kwa uso ule ule wa ukarimu.

"Mwalimu Ngonyoka. Mtoto huyu ameiambia dunia kwamba ulikatisha itifaki, ukawaambia watoto watoke. Je, ulisema maneno hayo?"

Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi mbele yake, miguu haifiki chini. Alimtabasamia. Aliamini kabisa kwamba ameitwa pale kuja kumsifu mwalimu wake.

Restituta alifungua mdomo. Sauti ya kufika barabarani haikupatikana.

"Hapana, Mheshimiwa. Sikusema."

"Kwa hiyo mtoto anasema uongo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Tabasamu la mtoto lilikaa pale pale usoni, limesahauliwa. Mheshimiwa akamgeukia.

"Umemsikia mwalimu wako. Unasemaje?"

Mama yake Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni, na huyo ndiye aliyemlea. Alimlea kusalimia wakubwa, kupokea kwa mikono miwili, kutomwambia mtu mzima hata siku moja kwamba amesema uongo. Mtoto alisimama. Alimwangalia Restituta kwa muda, anamtafuta kitu usoni, kisha akainamisha kichwa.

"Mwalimu hawezi kusema uongo," alisema. "Labda ni mimi niliyesikia vibaya."

Akafukuzwa shule zote za Usifuni, za sasa na zitakazojengwa. Akapigwa marufuku kuandika mahali popote panaposomeka. Na kwa kuwa blogu ni ya darasa, na mwenye darasa ni mwalimu, Restituta alipewa kishikwambi alifute andiko lile mwenyewe, wajumbe wakishuhudia. Alilifuta. Ilibidi abonyeze mara mbili.

Nje, jua lilikuwa kali. Alitoka na mkoba wake begani, barua ya mwaliko wa Ikulu ndani yake, anatembea upesi ili asikutane na mtu. Akasikia miguu midogo inamkimbilia nyuma, akasimama. Hakuweza kugeuka. Sikudhani akazunguka akaja mbele yake, plasta shingoni, akapiga goti kidogo kama siku zote.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, na kunyoosha ule mkono mzima. "Nikupokee mkoba?"

Na Mwalimu Restituta akampa.